Mdomo Mgeni

Raba zilizoyafunga meno ya juu na ya chini baada ya upasuaji wa taya zilitolewa mdomoni siku ya arubaini na tatu, asubuhi, na kabla ya saa sita binti alikuwa ameshaketi dirishani, kwenye kiti kile kile cha siku zote, uso kaugeuzia mwanga. Mama yake alivuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Mama mdogo alisimama mlangoni na mkoba begani, hakai haondoki, maana yeye ndiye aliyelileta jambo hili nyumbani na alitaka kuona mwisho wake.

"Haya, sema," mama alisema. Aliongea kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama kawaida yake, kwa sababu alikuwa hasikii hata sauti yake mwenyewe.

"Mama, nimerudi."

Mama alimtazama mdomo. Aliinamisha kichwa upande, akakiinua. "Tena."

"Nimerudi, mama."

"Usikimbie, mwanangu. Taratibu."

"Ni-me-ru-di."

"Umeumia?" Mama alishtuka, akamshika shavu. "Wapi? Hapa?"

"Hajaumia, dada, anasema karudi!" mama mdogo alipaza sauti kutoka mlangoni, jambo la kipuuzi kabisa kumfanyia mtu ambaye hajasikia kitu miaka kumi na tano, lakini alilifanya kila siku na hakuna aliyemkataza. Kisha akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyozoea. "Bado kavimba huyu. Subirini uvimbe ushuke."

Binti aliushika mkono wa mama, akautoa shavuni taratibu, akatikisa kichwa. Mama naye akacheka. Wote watatu wakacheka, na siku hiyo ikapita vizuri tu.

Hapa lazima niseme mambo mawili matatu, la sivyo utadhani hawa ni watu wa kuhangaika na vitu vya bure. Mama huyu mtaa mzima unamwita Fundi. Anashona nguo chumba cha mbele, cherehani mbili na meza moja ya kukatia. Masikio yalimziba kwa homa moja mbaya: wiki mbili kitandani, akaamka hasikii hata mlango ukibamizwa. Binti alikuwa na miaka saba. Mtu mzima asiyejua kusoma zaidi ya jina lake na namba za futi ya kupimia, nani angejitolea kumfundisha kuishi hivyo? Walifundishana wenyewe, mama na mtoto, dirishani, wanatazamana. Watu wengine Fundi aliwaokota neno hapa, neno pale, maana watu wanasema huku wanatafuna, wanageuka, wanaziba midomo. Binti yake alimsoma kila kitu, mpaka manung'uniko.

Binti alipofika miaka kumi na mitatu taya la chini likaanza kutangulia. Lilitangulia, likatangulia, mpaka meno ya chini yakawa mbele ya meno ya juu na shuleni wakamwita Kidevu. Jina likamfuata mpaka mtaani. Na hili ndilo jambo lenyewe, naomba ulishike: taya lile walilolicheka wote ndilo ambalo mama yake alilisoma. Mdomo wa chini ulikuwa mbele, wazi, kila neno linapita hapo mtu analiona kama vile limeanikwa.

Lakini lilimtesa. Alikuwa hawezi kung'ata mkate, hawezi kukata uzi kwa meno ya mbele, kichwa kinamuuma kutoka sikioni mpaka kisogoni, magego yanalika upande mmoja. Mama mdogo, ambaye alifanya usafi katika hospitali kubwa, alisikia madaktari wanatafuta wagonjwa wa taya kwa ajili ya kufundishia, bure kabisa. Akaja mbio. Taya la chini litakatwa lirudishwe nyuma, la juu lisogezwe mbele, yakutane. Na aliyesema "nenda" kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Fundi mwenyewe. Hakuna aliyefikiria lile jingine. Hata mimi ningekuwepo nisingelifikiria.

*

Uvimbe ulishuka. Mwezi wa tatu tangu upasuaji binti alikuwa na uso ambao watu walisimama njiani kuutazama.

"Jamani, Kidevu kimekwenda wapi?" aliuliza muuza mkaa.

"Toleo jipya hilo," mwenzake alidakia. "La zamani limeondolewa sokoni."

Binti alicheka. Alifurahi, na simlaumu. Mdomo wa juu, uliokuwa umebonyea miaka yote, sasa ulikuwa umekuja mbele na kujaa. Mabawa ya pua yalikuwa yametanuka kidogo. Mdomo wa chini ulikuwa umerudi ndani na kutulia juu ya kidevu kidogo, cha wastani. Alijitazama kwenye kioo cha kupimishia wateja mpaka wateja wakamwomba apishe. Na maneno yake! Zamani kila "s" yake ilikuwa na mate ndani. Sasa alisema safi, wateja hawamwambii tena arudie.

"Unasema kama mtangazaji," mama mdogo alimwambia.

Kasoro ilikuwa moja tu, kwa wale waliomtazama kutoka nje. Mdomo wa chini na kidevu vilikuwa na ganzi. Chai ilimtiririka asijue, mpaka mtu amwonyeshe kwa kidole. Siku moja alipoomba msamaha kwamba mdomo wake hausikii, mama mdogo alipiga makofi. "Mama hasikii masikio, mtoto hasikii mdomo. Nyumba nzima hamsikii!" Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza, "Nini? Nini?" Binti akamwambia. Mama akatikisa kichwa, akacheka pia, ila alichelewa kidogo, na macho yake yalikuwa bado yanauliza.

*

Mteja aliyeleta balaa alikuwa mkuu wa shule ya chekechea, mwanamke mnene mwenye haraka, wanamwita Madamu. Alikuja na jora la kitambaa cha kijani lililopimwa kiwandani lisibaki hata kipande, blauzi kumi na nne za walimu wake. Huyu alikuwa mteja wa kuombewa. Ukimridhisha kwa walimu, anakupa na sare za watoto, watoto mia tatu, kila mwaka.

"Sikiliza vizuri," Madamu alimwambia binti. "Mikono iwe mipana. Tena mipana kweli. Walimu wangu wanashinda mikono juu ubaoni. Mwaka jana fundi mwingine alinifanyia ya kubana, wakapasuka makwapa mbele ya watoto."

Binti akamgeukia mama yake. Walikuwa na namna yao ya kazi, maneno mawili tu, kwanza nguo sehemu gani, pili iweje.

"Mikono. Pana."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaandika namba zake kwa chaki pembeni ya meza.

Sasa, zamani mama huyu alikuwa anarudia kila agizo kwa sauti. "Mikono, pana," angesema, na binti angeitikia, kazi ikaanza. Lakini mwezi ule alikuwa amerudia vibaya mara tatu mbele ya wateja. Mara ya tatu kijana mmoja aliyeleta suruali alicheka, si kwa ubaya, alicheka tu. Fundi aliona meno. Tangu siku hiyo hakurudia tena. Aliitikia kwa kichwa, akaandika. Na binti naye, maskini, alipoona harudii tena, akajisemea moyoni kwamba mama sasa ameuzoea mdomo mpya, hana haja ya kuhakikisha. Alilala usingizi mzuri siku zile.

Kesho yake binti alikwenda hospitali kukazwa nyaya za meno, na foleni ikamweka huko siku mbili. Aliporudi, chumba cha mbele kilikuwa kimefagiwa, na mama yake amesimama kando ya meza, mikono nyuma, anatabasamu kama mtoto aliyefua nguo bila kutumwa. Alikuwa amekunja kitambaa tabaka kumi na nne na kukata kwa mkupuo mmoja, kisha akazishona zote. Mabaki yalikuwa vijipande vya kufutia mafuta ya cherehani.

Binti aliinua mkono mmoja wa blauzi. Akaingiza ngumi yake ndani. Ngumi ikakwama.

"Mama. Nilisema pana."

"Ndiyo," mama alisema kwa fahari. "Bana. Nimebana vizuri."

*

Nguo iliyokatwa pana unaweza kuibana. Iliyobanwa huwezi kuirudishia kitambaa, hata ukililia. Walijaribu kutia vipande vya kwapani, lakini hakukuwa na kijani cha kufanana na kile. Siku ya nne Madamu alikuja mwenyewe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliipima blauzi moja kwenye mkono wake mwenyewe, ikagoma kwenye kiwiko, akaiacha ikining'inia hapo huku anazungumza na binti.

"Mimi nilisema nini hapa?"

"Ulisema mipana, Madamu. Kosa ni letu."

"Letu la nani? Wewe ulinisikia. Kwani huyu mama yako akili zake ziko sawa?"

Fundi alikuwa amesimama hatua mbili tu, anamtazama Madamu mdomo kwa heshima zote, anatikisa kichwa pole pole na kutabasamu tabasamu lake la wateja. Binti aliona tabasamu lile, akatamani sakafu ipasuke.

"Akili zake ziko sawa. Hasikii tu."

"Hilo najua, mngeniambia mapema kwamba hata wewe hakusikii. Nilidhani wewe ndiye masikio yake, ndivyo mtaa unavyosema. Watu wanawasifu!" Madamu aliivua blauzi, akakusanya zote kumi na nne, akazifunga ndani ya moja. "Mikono nitaikata, wavae za mikono mifupi. Sare za watoto nitatafuta pengine. Nisamehe, mwanangu, lakini siwezi kufanya kazi ya kubahatisha."

Alipotoka, Fundi aliuliza, "Kasemaje? Kakubali?"

Binti alinyoosha mkono, akaonyesha kimo cha watoto, kidogo, kidogo, kidogo, wengi. Kisha akapangusa viganja, kimoja juu ya kingine. Wamekwenda.

Mama alikaa chini. Halafu akakivuta kigoda mpaka dirishani.

"Njoo. Kaa. Sema pana."

"Pana."

"Sema bana."

"Bana."

"Tena. Zote mbili."

Binti alizisema zote mbili, akazirudia, akazikaza, akafungua kinywa mpaka taya likauma. Mama alikuwa ameusogeza uso wake karibu mpaka pumzi zao zikachanganyika.

"Ni neno moja," mama alisema. "Zamani pana yako ilikuwa inapuliza, mdomo wa chini unaruka hivi. Bana yako ulikuwa unaikaza, kidevu kinaingia. Sasa zinafunga, zinafungua, mwisho. Zote ni moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

Lile alilielewa, au alilikisia. "Ningekuambia nini? Kwamba urudishe uso? Umekuwa mzuri. Watu wanakusifu, nawaona wanavyokutazama. Nilisema nitazoea kimya kimya." Akavua miwani yake ya kushonea. "Unajua nilikuwa nasikia sauti? Usinicheke. Nikikutazama unasema, sauti ilikuwa inakuja humu kichwani, ya kike, nyembamba kidogo. Nilikuwa na sauti moja tu duniani. Sasa nakutazama naona mdomo unakwenda. Naona nyama tu. Miaka kumi na tano sijalilia masikio yangu, mwanangu. Sasa nalia."

Na akalia kweli, kwa sauti kubwa asiyojua ukubwa wake, mpaka muuza mkaa akaja kuchungulia. Binti naye alilia. Machozi yalimfika mdomoni, yakapita, asiyasikie.

*

Walihangaika. Asije mtu akasema hawakuhangaika. Kwanza waliunda ishara za mikono, na kwa kazi zilitosha: mikono wazi ni pana, vidole viwili vimefinyana ni bana, juu, chini, kesho, hataki. Wateja wachache walibaki. Lakini kwa ishara zile ungeweza kumwambia mtu kwamba suruali ni ndefu. Hungeweza kumwambia ulichoota.

Mama mdogo alinunua daftari na kalamu, akatangaza kwamba dada yake atasoma. Kila jioni ya Jumapili alikaa naye mezani. "A. Hii ni A, dada, a, a, a!" alipiga kelele, kwa mtu ambaye herufi kwake haina sauti ya kushikiza. Fundi alichora herufi nzuri sana, zimenyooka kama mshono, na hakujua hata moja inasema nini. Ukurasa wa tisa aliliweka daftari juu ya kabati. Akasema macho yanamuuma. Hawakumlazimisha.

"Vumilieni," mama mdogo alisema. "Daktari kasema mpaka mwaka. Nyama bado inajipanga. Ganzi nayo ikitoka, mdomo utaanza kuruka kama zamani."

Mwaka. Neno hilo binti alilishika kwa mikono miwili. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo, anavuta mdomo wa chini kwa vidole, anausukuma mbele, anapuliza p, p, p, mpaka kioo kinaingia ukungu. Mchana alimsemesha mama yake makusudi, mambo madogo madogo, ili azoee. Na mama alionekana anazoea! Alianza kujibu tena. Alicheka, akaitikia "mm", akatikisa kichwa panapostahili. Mwezi wa nane binti alimwambia mama mdogo kwamba mambo yanarudi.

Siku moja mchana alikuwa anamsimulia mama habari za Madamu, kwamba walimu wake wanavaa zile blauzi za mikono iliyokatwa na wote wamekataa kunyanyua mikono ubaoni kwa aibu ya makwapa, sasa watoto wanaandika wenyewe. Ni kichekesho kizuri na alikisimulia vizuri. Mama alicheka. Alicheka katikati, kabla ya makwapa.

Binti aliacha. Alimtazama. Kisha akasema, kwa uso ule ule wa kusimulia, bila kubadilisha kitu, "Mama, nyumba inaungua."

"Mm," mama alisema, akatikisa kichwa. "Ndivyo walivyo watu."

"Mama, mimi nimekufa jana."

"Eeh! Wacha wee." Mama akacheka tena, akampiga paja kwa upendo. "Na wewe huishiwi maneno."

Binti aliinuka akaenda uani, akasimama ameshika kamba ya kuanikia. Mama mdogo, aliyekuwa anafua, alimuuliza kuna nini. "Hakuna kitu," alisema. Alijua sasa kwamba mama yake anamdanganya, na anamdanganya kwa huruma, na kwamba hilo ni baya zaidi kuliko blauzi kumi na nne. Lakini miezi minne ilikuwa bado imebaki, na daktari alisema mwaka.

*

Siku ya mwaka, daktari alimpokea kwa furaha ya mtu anayepokea kazi yake. Aliweka picha mbili pembeni kwa pembeni kwenye kompyuta, uso wa upande, kabla na baada, akachora mstari mwekundu kutoka ncha ya pua mpaka kidevuni.

"Unaona? Mdomo wa juu umekuja mbele. Mdomo wa chini umerudi pamoja na mfupa. Pua imetanuka milimita mbili, ni kawaida. Nyama inafuata mfupa, ingawa haifuati sawasawa. Yako imefuata vizuri kuliko nilivyotarajia. Ningependa ruhusa yako niwaonyeshe wanafunzi."

"Uvimbe umeisha wote?"

"Uliisha zamani. Huu ndio uso wako."

"Na ganzi?"

Daktari alimgusa mdomo wa chini kwa ncha ya pamba. Alimuuliza anasikia? Hasikii. Hapa? Hasikii. Aliandika. "Mwaka ukipita bila kurudi, mara nyingi hairudi. Lakini unakula? Kichwa hakiumi?"

"Nakula. Hakiumi." Ilikuwa kweli, na alisema kweli. Kisha akasema, "Daktari, mama yangu hanisikii."

"Mama yako?"

"Tangu upasuaji. Alikuwa ananisikia vizuri kabisa."

Daktari alikuwa mtu mwema. Alivuta karatasi. "Masikio ni chumba namba kumi na sita, ghorofa ya chini. Mlete wiki ijayo, nitawaandikia msipange foleni."

"Si masikio. Masikio hana. Alikuwa anasoma mdomo wangu. Ule wa kwanza." Alionyesha ile picha ya kushoto, taya limetangulia, mdomo wa chini umejitokeza nje.

Daktari alitazama picha, akamtazama yeye. "Lakini wewe unasema vizuri sana," alisema. "Mimi nakusikia kila neno."

"Kila mtu ananisikia."

"Atazoea. Mpe muda."

"Inawezekana kunirudisha?"

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha, maana kila aliyepita kwenye kiti kile alimshukuru. Binti hakucheka. Daktari akaacha kucheka, akaangalia saa, na nesi akamwita anayefuata.

*

Alifika nyumbani saa tisa. Mama alikuwa dirishani, na kiti cha binti kilikuwa kimeshawekwa mahali pake, kimegeuzwa kwenye mwanga. Ni wazi alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi, kwa sababu cherehani zote mbili zilikuwa zimefunikwa.

"Daktari kasemaje?"

Binti alikaa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kutumia mikono: kidole mdomoni, kiganja kupangusa kiganja. Ingetosha. Lakini alipouona uso ule umemngoja hivyo, alishindwa kumwambia mama yake jambo hili kwa mikono, kama anayemwelekeza mteja choo kilipo. Akasema kwa mdomo.

"Kasema huu ndio mdomo wangu, mama. Hakuna mwingine unaokuja. Mimi nimekaa mwaka mzima nakuambia utazoea, na wewe umekaa unaniambia unanisikia. Najuta. Ningejua, ningebaki na taya langu, wanicheke mpaka nife. Nimechoka, mama, na wewe umechoka, nakuona. Tusijidanganye tena. Basi, mama. Basi."

Mama hakuwa amepepesa jicho hata mara moja. Midomo yake mwenyewe ilikuwa inatembea bila sauti, inamfuatisha binti, inaonja maneno. Lile la mwisho aliliigiza mara mbili. Akalifunga, akalifungua. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Pasi!"

Binti alibaki anamtazama.

"Umesema pasi! Umesema mara mbili, pasi, pasi. Unataka pasi!" Mama alikuwa ameshasimama, machozi yanamtoka na hana habari nayo. "Nimekusikia! Sikukisia, haki ya nani, safari hii sikukisia, nimeliona lote. Nilijua. Nilisema mwaka hautapita bure." Aliivuta pasi kutoka chini ya meza ya kukatia, akaichomeka ukutani, akalowesha kidole, akaigusa kabla hata haijapata moto, akaigusa tena. "Unataka kupiga nini? Hilo gauni? Mdogo wangu akija leo nitamwambia. Yeye na daftari lake!"

Gauni lile binti alikuwa amelipiga pasi alfajiri, kwa ajili ya daktari. Halikuwa na mkunjo.

"Ndiyo, mama," alisema, akainamisha kichwa kwa nguvu kukubali, ili ionekane. "Pasi."

Alilivua, akajifunga shuka, akalitandaza mezani. Alipitisha pasi mbele, akageuza, akapitisha nyuma, kola, mikono, pindo, akarudi tena mbele pale alipoanzia. Mama alikuwa amekileta kigoda mpaka kwenye meza. Alikaa, akaweka mikono magotini, akaegemea mbele kuutazama mdomo wa mwanawe.

"Haya," alisema. "Sema lingine."